Injini ya Mvuke ya Shubiri Moja

Maneno haya yalisemwa Mombasa mbele ya wanafunzi wa ufundi na mafundi wa mtaani, kisha yakaandikwa na msemaji mwenyewe.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wa karakana, mafundi wenzangu wa jua kali mliofunga kazi mapema ili mfike hapa, na ninyi wanafunzi ambao kikao hiki kimeandaliwa kwa ajili yenu, nawaamkua nyote.

Kitu kilichofunikwa kwa leso hapa mezani ni injini ya mvuke. Kimo chake ni shubiri moja, na pamoja na boila yake, yaani chombo cha kuchemshia maji, inaenea ndani ya sanduku la viatu. Nimeitengeneza kwangu Changamwe, katika chumba cha uani ambacho mama watoto alikikusudia kuwa stoo, jambo ambalo hajalisahau. Nitaiwasha nikikaribia kumaliza, kwa sababu najua kuwa ikishaanza kuzunguka hakuna atakayenisikiliza.

Niliingia karakana ya reli nikiwa mwanagenzi mwaka 1974. Wazee wenzangu mliomo humu mnazikumbuka zile Garratt za daraja la 59, injini za treni za mvuke. Zilikuwa 34, ziliundwa na Beyer, Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi na jina la mlima mmoja wa Afrika Mashariki. Moja yake, namba 5918, Mount Gelai, imesimama hadi leo katika makumbusho ya reli Nairobi, na kijana ambaye hajawahi kusimama kando ya magurudumu yake akajiona mfupi, namshauri aende. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba, ya pili kupangusa, na ya tatu, baada ya miezi mingi, kushika tupa. Kwa hiyo nilipostaafu na kuamua kujitengenezea injini ndogo ya mezani, nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Mtu aliyezoea silinda ambayo mtoto anaweza kuingiza kichwa, atashindwaje na silinda ya upana wa kidole?

Ilinichukua miezi saba, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ilikuwa ya kurudia.

Sababu yake ndiyo iliyonileta mbele yenu. Ukiipunguza injini, vipo vitu vinavyokubali kupungua na vipo visivyokubali. Urefu hupungua, uzito hupungua, gharama hupungua kidogo. Lakini mvuke ni uleule, maji yanachemka kwa joto lilelile, na mwanya wa sehemu ya kumi ya milimita unabaki kuwa mwanya wa sehemu ya kumi ya milimita. Katika silinda ya Garratt, yenye kipenyo cha nusu mita, mwanya huo hakuna anayeushughulikia. Katika silinda yangu ya milimita 12, mvuke wote unapita hapo na pistoni, kile kipande kinachosukumwa na mvuke ndani ya silinda, inabaki inakutazama.

Mshangao huo ulimpata mtu mkubwa kuliko mimi. Katika majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764, James Watt, aliyekuwa fundi wa vyombo vya kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alipewa kielelezo kidogo cha injini ya Newcomen akitengeneze. Injini kubwa za aina hiyo zilikuwa zikivuta maji migodini tangu 1712, na kielelezo hicho kilikuwa cha kufundishia, chenye silinda ya kipenyo cha inchi 2. Watt akakirekebisha, akawasha moto, nacho kikapiga mapigo machache kikasimama. Boila ilikuwa imeishiwa mvuke, ilhali kwa kuitazama ilionekana inatosha. Angekuwa fundi mwingine, angeongeza moto akafunga mjadala. Yeye akakaa chini kupima mvuke umekwenda wapi, akagundua kuwa sehemu kubwa ilikuwa ikipotea katika kuipasha moto upya silinda ambayo, kwa kila pigo, ilipozwa kwa maji baridi yaliyonyunyizwa ndani yake. Mwaka 1765 akapata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni ili silinda yenyewe ibaki na moto wake, na hati ya kulinda uvumbuzi huo akaipata mwaka 1769.

Injini kubwa zilikuwa na ugonjwa uleule kwa miaka hamsini, lakini zilikuwa karibu na makaa ya bei rahisi na ukubwa wao uliuficha. Hesabu yake ni nyepesi. Ukipunguza vipimo vyote vya silinda kwa nusu, ujazo wake unabaki moja ya nane, lakini eneo la kuta zake linabaki moja ya nne, maana yake kila tone la mvuke sasa limezungukwa na chuma baridi maradufu. Ndiyo maana kielelezo kilisema kile ambacho mgodi haukusema. Kimehifadhiwa hadi leo Glasgow, katika makumbusho ya Hunterian, na mimi kila ninapomsikia mtu akiziita injini hizi vidude vya kuchezea, humkumbuka.

Sasa tufunue leso.

Aina niliyoichagua ni ile ya silinda inayoyumba. Haina valvu ya kuteleza, haina fito za kuiendesha valvu, na vipande vyake vinavyotembea ni vitatu tu: pistoni pamoja na rodi yake, silinda, na krenki, yaani mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, iliyofungwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la kuendeleza mzunguko. Wapo watakaosema kuwa hii ni ya wanaoanza, nami nakubali, ila waongeze kuwa meli ya Great Eastern, iliyoingia majini mwaka 1858 ikiwa kubwa kuliko zote duniani, ilizungushiwa magurudumu yake ya pembeni na injini ya silinda za kuyumba, kila silinda ikiwa na kipenyo cha karibu mita 1.9. Si aina ya kudharau.

Wenzetu wa Uingereza wanaoshughulika na kazi hii majumbani wana bahati yao. Tangu 1898 wana gazeti lao, Model Engineer, na wanaweza kuagiza vipande vya chuma cha kusubu vikaja vimefungwa kwenye boksi, kilichobaki ni kukereza tu. Sisi tuna vyuma chakavu, na sioni kuwa tumepunjwa. Flaiwili hii nimeichonga kutoka kwenye drami ya breki ya pikapu, ambayo ni chuma cha kusubu kizuri, kizito, kinachokerezeka bila kusumbua. Silinda ilikuwa bushi ya shafti ya boti, shaba ngumu ambayo imekwisha kula chumvi miaka mingi na haina cha kuogopa. Rodi ya pistoni na mhimili wa krenki vimetoka kwenye printa mbovu, na hapa naomba mnisikilize, maana ni siri yenye thamani: zile fito zinazobeba kichwa cha printa zimenyooka na kusagwa kiwandani hadi kipimo kamili, laini kama kioo, na mtaani zinauzwa kwa kilo pamoja na takataka. Nikipita penye lundo la printa huwa natembea polepole.

Mashine ya kukereza sina. Vipande vya mviringo nilivipeleka kwa fundi wa kuchonga vyuma, nikakaa pembeni ya mashine yake kama mtu anayesubiri kunyolewa, kwa sababu nilitaka silinda itobolewe na uso wake wa ubavuni uchongwe bila kukitoa kipande kwenye taya za mashine. Kikitolewa na kurudishwa, tundu na uso havitalingana tena, na kutolingana huko hakuna tupa itakayokuponya. Mengine yote yamefanywa kwa jiliwa, tupa, msumeno wa chuma, drili ya kusimama, tepu na dai za kukatia hesi, na msasa.

Nije sasa kwenye jambo lililonila wiki nyingi kuliko yote, nalo ni matundu matatu yasiyozidi ukubwa wa punje ya mtama.

Silinda ina tundu moja karibu na kichwa chake. Nguzo inayoishikilia ina matundu mawili, la kuingizia mvuke na la kuutolea. Krenki inapozunguka, silinda inayumba huku na huku juu ya pini yake, na tundu lake linapita mbele ya yale mawili kwa zamu: likifika kwa la kwanza mvuke unaingia na kuisukuma pistoni, likifika kwa la pili mvuke uliochoka unatoka. Hapo katikati, silinda inaposimama wima na pistoni iko mwisho wa mwendo wake, tundu lazima lizibwe na uso wa nguzo. Basi. Injini nzima imo katika sentensi hizo chache.

Matundu yawekwe wapi? Mwendo wa pistoni yangu ni milimita 16, kwa hiyo pini ya krenki iko milimita 8 kutoka kitovuni. Kutoka mhimili wa krenki hadi pini ya kuyumbia ni milimita 48. Nane kwa arubaini na nane ni moja ya sita, na hicho ndicho kiasi ambacho silinda inayumba ikifika ukomo wake. Tundu la silinda liko milimita 14 juu ya pini ya kuyumbia, na moja ya sita ya 14 ni milimita 2.3. Kila tundu la nguzo, basi, linakaa milimita 2.3 kando ya mstari wa katikati, moja kulia na jingine kushoto. Kipimo hichohicho kinakuwekea pia mpaka wa ukubwa wa drili, kwani kipenyo kikizidi 2.3, silinda inapopita katikati tundu lake litagusa yote mawili kwa mpigo mmoja, na mvuke utaingia mlango huu na kutokea ule bila hata kuisalimia pistoni. Mimi hutumia drili ya milimita 2.

Mara ya kwanza nilichora alama kwa rula, nikapiga panchi, nikatoboa. Drili ikateleza nusu milimita, na kwa macho yangu ya reli nusu milimita si kitu. Nikaunga injini na kompresa ya jirani yangu anayeziba matairi, kwa sababu upepo haukuunguzi na kwa majaribio ni bora kuliko mvuke. Ikapiga mluzi kama birika na haikuzunguka hata mara moja. Nikailaumu pistoni, nikachongesha nyingine. Nikailaumu hiyo nayo, nikachongesha ya tatu, na fundi wa mashine akaanza kunitazama kwa huruma. Usiku mmoja nikachukua masizi ya kibatari, nikayachanganya na tone la mafuta, nikapaka uso wa nguzo, nikaizungusha krenki kwa mkono taratibu, kisha nikatenganisha vipande. Alama ilikuwa wazi kama nyayo kwenye mchanga: tundu la silinda lilikuwa linafika mlango wa kutokea vizuri, lakini mlango wa kuingilia lilikuwa linauchungulia tu. Nusu milimita katika tundu la milimita 2 ni robo ya mlango mzima.

Dawa yake ni kuacha kupima. Nilikata kibati cha chuma kinene, nikakitoboa matundu matatu katika mstari mmoja: moja la kuingia kwenye pini ya krenki, lililorefushwa kwa tupa ili liteleze, moja la kukaa kwenye pini ya kuyumbia, na la tatu milimita 14 juu yake. Kibati hicho ukikivalisha mahali pa silinda, ukaizungusha krenki mpaka kibati kimeegemea upande mmoja na hakiendi zaidi, basi tundu lake la tatu limesimama pale hasa unapotakiwa kutoboa. Kibane kwa klampu, pitisha drili ndani yake, kisha kizungushie upande wa pili ufanye vilevile. Hata kama krenki yako imekosewa kidogo, kibati kinalifuata kosa lako na kulisawazisha. Nguzo ya pili, niliyoitoboa kwa njia hiyo, ilifanya kazi siku hiyohiyo.

Kuhusu kukaza pistoni ndani ya silinda, sitasema mengi. Haina ringi; ina mifereji miwili myembamba ya kushikilia mafuta. Ukiisimamisha silinda wima, pistoni iliyopakwa mafuta inatakiwa ishuke kwa uzito wake polepole, bila kuporomoka wala kukwama. Kisha ziba tundu kwa kidole, isukume pistoni ndani, uiachie. Ikirudi nyuma kama inayopumua, umefaulu. Uso wa silinda na ule wa nguzo husuguliwa kila mmoja juu ya kioo chenye msasa laini, na springi inayovishikanisha ikazwe kiasi cha kuzuia mvuke tu. Wengi hukaza springi ili kuficha uso mbovu, halafu wanashangaa injini haina nguvu.

Sasa boila, na hapa sina mzaha.

Boila yangu ya kwanza niliichomelea kwa lehemu ya kawaida, ya bati na risasi. Ilifanya kazi mara tatu. Mara ya nne nilikuwa nashangilia injini na watoto wa jirani, sikuangalia maji. Lehemu ile inayeyuka katika nyuzi 183 za Selsiasi, na boila yenye maji, kwa presha ya baa 2, haipiti nyuzi 134 hivi, kwa hiyo maadamu maji yapo unajiona salama. Maji yalipoisha, chuma kikapanda joto bila kizuizi, lehemu ikalegea, kifuniko kikaruka na kugonga bati la paa. Hakuna aliyeumia, na hilo silihesabu kuwa ni ujuzi wangu. Nilizima kila kitu, nikakaa kwenye ngazi ya mlango kwa muda mrefu.

Hii mnayoiona imetengenezwa kwa bomba la shaba nyekundu la milimita 54, lenye unene wa milimita 1.2, na viungo vyake vyote ni lehemu ya fedha, inayohitaji joto la zaidi ya nyuzi 600 ndipo iyeyuke. Vifuniko vya pande mbili vimekunjwa ukingo ili lehemu ipate eneo la kushika, na fito ya shaba imepita katikati kuvishikanisha. Vijiti vya kufungia bomba na valvu ni vya shaba ngumu isiyo na zinki, si shaba ya njano ya mifereji ya maji; ile ya njano, ikikaa katika maji ya moto, zinki yake huliwa taratibu, na kinachobaki kina umbo la kifaa lakini hakina nguvu yake. Mtu anaweza kukiangalia kwa nje kila siku asione kitu.

Kabla ya moto wa kwanza, boila ijaribiwe kwa maji baridi. Ijaze mpaka juu, pasibaki hewa hata povu, ziba matundu yote, kisha kwa pampu ya mkono ipandishe presha hadi mara mbili ya ile utakayoitumia. Yangu inafanya kazi kwa baa 2, ambayo ni kama ya tairi la gari dogo, na niliijaribu kwa baa 4, nikaiacha hapo kwa dakika ishirini huku nikiitazama sindano ya geji. Kwa nini maji na si upepo wa kompresa? Kwa sababu maji hayabanwi; kiungo kikifunguka, tone linatoka na presha inaanguka papo hapo. Upepo uliobanwa ni springi, na boila ikipasuka, springi hiyo inakuja usoni. Mvuke ni zaidi ya hapo, maana lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida inataka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Valvu ya usalama niliifungua na kuijaribu mara nyingi kabla ya kuiamini, na anayeifunga kwa waya ili apate presha kubwa zaidi asije kwangu kuomba msaada.

Maji ninayotumia ni ya mvua. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, na mkitaka kujua chumvi inafanya nini, angalieni ndani ya birika la nyumbani kwenu.

Nimeshawasha spiriti chini ya boila wakati nilipokuwa nasema habari za shaba ya njano. Hamkuuona moto, na hiyo ni hatari yake mojawapo: kwenye mwanga mwali wa spiriti hauonekani, kwa hiyo mkono usipitishwe hapo kwa kudhani umezimika. Geji inasoma baa moja na nusu. Mkononi pistoni hii ni kitu cha kuchezea, lakini presha ikifika baa 2 itasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo mbili na robo, ambayo ndiyo nguvu yote tuliyo nayo jioni ya leo.

Wewe kijana wa safu ya mbele, mwenye shati la buluu, njoo. Wengine rudini nyuma hatua mbili. Injini hii inasukumwa upande mmoja tu wa pistoni, kwa hiyo haiwezi kuanza yenyewe; inahitaji kidole. Nitafungua valvu, na kwanza itatema maji ya moto, kwa sababu silinda bado ni baridi na mvuke wa mwanzo wote unageuka maji ndani yake, yaleyale yaliyomsimamisha Watt. Usiogope, ila usiweke uso karibu. Izungushe flaiwili taratibu kuelekea kwako, mara tano, mara sita, mpaka uone maji yamekwisha na mvuke mkavu unatoka. Haya. Sasa isukume mara moja, uondoe kidole.